Rais achaguliwe kwa kura za wajumbe au kura za wananchi? Tuiweke mifumo yote miwili mezani

Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump karibu kura milioni 2.9 na akaenda nyumbani, Trump akaapishwa. Mwaka 2000 Al Gore alimzidi George W. Bush zaidi ya kura laki 5 na 40 elfu, na yeye akaenda nyumbani. Huku kwetu mtu akisikia hivyo anasema palepale jamaa kaibiwa, na ukimwambia hapana, ndo katiba yao inavyosema, anakuangalia kama vile wewe ndo umeiba. Sasa mimi nipo upande wa kura za wananchi, nisifiche, ila nimeona watu wengi wa upande wangu hawajawahi kukaa wakausikiliza ule mfumo mwingine, wa wajumbe, mpaka mwisho, na kuna sehemu moja ule mfumo unatupiga kweli, alafu ni sehemu inayotuhusu sisi Waafrika kuliko hata wenyewe Wamarekani. Ntafika huko.

Kwanza, mfumo wenyewe ukoje

Marekani mwananchi akipiga kura ya rais, kisheria anachagua kundi la wajumbe wa jimbo lake ambao wameahidi kumpigia mgombea fulani. Kila jimbo lina wajumbe sawa na idadi ya wabunge wake kwenye Baraza la Wawakilishi ukijumlisha maseneta wake wawili. Wabunge 435, maseneta 100, na Washington DC walipewa 3 kwa marekebisho ya katiba ya 1961, jumla 538, anayefikisha 270 ndo rais. Kwenye majimbo 48 na DC anayeongoza hata kwa kura moja anabeba wajumbe wote wa hapo, aliyepata asilimia 49.9 anatoka mikono mitupu. Maine na Nebraska tu ndo wanagawa, wawili kwa mshindi wa jimbo zima na waliobaki kwa mshindi wa kila wilaya ya ubunge, ndo maana mwaka 2008 Obama aliondoka na mjumbe mmoja wa Omaha ndani ya Nebraska ambayo ni ngome ya Republican.

Desemba wajumbe wanakutana, kila kundi kwenye jimbo lake, wanapiga kura, na tarehe 6 Januari Kongresi inahesabu. Asipofika mtu 270 rais anachaguliwa na Baraza la Wawakilishi, ila hapo kila jimbo linakuwa na kura moja tu, yaani California yenye watu milioni 39 kura moja na Wyoming yenye watu wasiofika laki 6 kura moja. Imewahi kutokea, mwaka 1824 Andrew Jackson aliongoza kwa kura za wananchi na kwa wajumbe pia, hakufikisha nusu, Baraza likampa John Quincy Adams.

Wajumbe wanaweza kumgeuka mgombea wao? 2016 walifanya hivyo saba, matokeo hayakubadilika, na 2020 Mahakama ya Juu ikasema majimbo yanaruhusiwa kuwabana. Hilo tuliache.

Kura za wananchi kila mtu anadhani anazijua, ila zina matoleo matatu na watu wanayachanganya kwenye mabishano mpaka mnaishia kubishana vitu viwili tofauti. Toleo la kwanza, aliyeongoza kashinda, hata akiwa na asilimia 35. Hili ndo la Tanzania tangu marekebisho ya katiba ya 2000 (kabla ya hapo ilikuwa lazima upite nusu) na ndo la Congo tangu 2011, walipofuta duru ya pili. Toleo la pili ni kupita nusu, usipopita wawili wa juu wanarudi uwanjani, kama Ufaransa. Toleo la tatu ni la Kenya, katiba ya 2010, upite nusu ya kura zote na pia upate angalau asilimia 25 kwenye zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Matoleo haya hayafanani tabia hata kidogo, kwaiyo nikisema kura za wananchi hapa chini nitataja ni lipi pale inapohitajika.

Kura yako ina uzito gani

Hapa kura za wananchi zinashinda bila jasho. Kwa sensa ya 2020 Wyoming ina mjumbe mmoja kwa kila watu kama laki 1 na 92 elfu, California ina mjumbe mmoja kwa kila watu kama laki 7 na 32 elfu. Karibu mara nne. Na kuna raia wa Marekani zaidi ya milioni 3 wanaoishi Puerto Rico ambao hawana mjumbe hata mmoja, ila mtu huyohuyo akipanda ndege akahamia Orlando akajiandikisha, anakuwa mpiga kura kamili.

Ila hiyo tofauti ya uzito ndo watu wanaipigia kelele sana na mimi naona sio tatizo kubwa, tatizo kubwa ni ile ya anayeongoza kubeba wote. Fikiria ndugu zetu walioko kule, Mkenya aliyepata uraia anaishi Dallas, Mkongo aliyepata uraia anaishi Pittsburgh. Texas mara ya mwisho kumchagua mgombea urais wa Democrat ilikuwa 1976, Jimmy Carter. Huyu wa Dallas akiwa Democrat kura yake inaishia jimboni, akiwa Republican inaongeza ushindi ambao tayari upo. Yule wa Pittsburgh yupo Pennsylvania, anagongewa mlango na vijana wa kampeni mpaka anachoka, simu hazikatiki, matangazo kwenye TV mpaka watoto wameyakariri. Wote wameapa kiapo kilekile cha uraia. Na jambo lingine ambalo wengi hawalijui, sensa ya Marekani inahesabu kila mkazi, raia na asiye raia, kwaiyo hata mkimbizi aliyefika juzi na hawezi kupiga kura anahesabiwa kwenye kugawa wabunge na hao wajumbe. Wajumbe wanatolewa kwa vichwa, wala sio kwa waliojitokeza kupiga kura. Likumbuke hilo, linarudi kwenye ishu ya wizi.

Mgombea anamtafuta nani

Mfumo wa wajumbe unatetewa kwamba unawalinda wadogo, bila huo wagombea wangeshinda miji mikubwa na kusahau vijijini. Haya, twende tukaangalie. 2024 kampeni ilikuwa ya majimbo saba: Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada. Hapo mdogo kabisa ni Nevada mwenye wajumbe 6, na aliyegombaniwa kuliko wote ni Pennsylvania mwenye 19, ambaye ni wa tano kwa ukubwa nchi nzima. Wyoming, Vermont, North Dakota, hao wadogo wenyewe wanaosemwa wanalindwa, nani alienda kuwatafuta? Hakuna, kwa sababu wanajulikana wanakopigia. Mfumo haulindi mdogo, unamlinda yule ambaye hajaamua.

Na usidhani ni mambo ya mikutano na fulana tu, unafika mpaka kwenye sera. Kamala Harris mwaka 2019 alisema angepiga marufuku uchimbaji wa gesi wa kupasua miamba, 2024 akasema hapana hatapiga marufuku, na gesi hiyo inachimbwa wapi? Pennsylvania. Kampuni ya Kijapani ya Nippon Steel ilipotaka kununua U.S. Steel yenye makao yake Pittsburgh, mwaka 2024 Biden alipinga, Trump alipinga, Harris alipinga, wapinzani ambao hata kusalimiana kwao shida, wakakubaliana kwenye hilo. Uchaguzi ukapita, 2025 Trump akaruhusu kwa masharti.

Kwa upande wa pili, hofu kwamba kura za wananchi zingefanya wagombea waishi New York na Los Angeles haina hesabu. Ukijumlisha watu wa majiji hayo mawili hufikii hata asilimia 4 ya Wamarekani wote milioni 331. Mgombea wa kura za wananchi lazima azunguke, tena hata kwenye ngome ya mpinzani anaenda kwa sababu akitoka asilimia 20 kwenda 27 hizo saba zinahesabika.

Lakini pia tusijidanganye, kwetu kura za wananchi zimezaa tabia yake. Ukishajua kila kura inahesabika sawa, njia rahisi inakuwa kutafuta makabila makubwa mawili matatu, uyafunge pamoja, alafu kazi inabaki kuhakikisha watu wako wanajitokeza. Kenya 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto waliungana, Wakikuyu na Wakalenjin, mchezo ukawa karibu umeisha kwenye daftari la wapiga kura kabla ya siku yenyewe. Kile kipengele cha asilimia 25 kiliwekwa kwa ajili ya hilo hasa, na kina historia ndefu kuliko katiba ya 2010, kilianza 1992 wakati wa mikoa, asilimia 25 kwenye mikoa mitano kati ya minane. Nakipenda kwenye karatasi, sema hakijawahi kumzuia mtu. 2013, 2017, 2022, washindi wote walikipita wala hakuna aliyetoka jasho. Kizuizi ambacho kila mtu anakiruka kirahisi hivyo kinasaidia kidogo tu, kinamlazimisha mgombea aonekane kote, basi.

Na ukitaka kuweka kipengele kama hicho kihesabu vizuri. Nigeria 1979 walitaka mshindi awe na robo ya kura kwenye theluthi mbili ya majimbo, majimbo yalikuwa 19. Theluthi mbili ya 19 ni 12 na theluthi mbili. Shehu Shagari alikuwa na robo kwenye majimbo 12, la 13, Kano, hakufikisha. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu, Obafemi Awolowo akisema lazima iwe 13 maana jimbo halikatwi, mahakama ikaona theluthi mbili ya Kano inatosha. Shagari akawa rais.

Wizi, hapa ndo kuna kazi

Hii ndo ile sehemu niliyosema. Chukua nchi ambayo kila chama kina ngome yake. Kwenye ngome wakala wa mpinzani hayupo, au yupo ila anaogopa, msimamizi wa kituo ni mtu wa hapohapo, na usiku yanasomwa matokeo waliojitokeza asilimia 98 na karibu zote za mtu mmoja. Kwenye kura za wananchi, matoleo yote matatu, kila kura ya kuchakachua iliyoingia kule ngomeni inaenda moja kwa moja kwenye jumla ya taifa na inafuta kura halali moja ya mtu aliyepanga foleni sehemu nyingine. Tena ngomeni ndo pahala rahisi kuliko pote kuiba, maana hakuna wa kukuona na aliyekuona ni wako.

Kwenye mfumo wa wajumbe huo wizi hauna faida. Ujaze maboksi mpaka yapasuke, jimbo lako lina wajumbe walewale waliogawiwa kwa sensa, wala haongezeki hata mmoja. Ukitaka kuiba na ikusaidie lazima ukaibe kwenye jimbo lenye ushindani, na huko ndo mawakala wa pande zote wamejaa, mawakili wameshashuka na mabegi, waandishi wapo, kamera zipo. Yaani mfumo unamsukuma mwizi kutoka kwenye giza kumpeleka kwenye mwanga. Mimi nilivyoielewa hii hoja nilikaa kimya kidogo, kwa sababu sisi huku matatizo yetu mengi ya uchaguzi yapo ngomeni kabisa.

Ila subiri, kuna upande wa pili wa hesabu. Kwenye wajumbe idadi inayotakiwa kuibiwa ni ndogo na mwizi anaijua kwa jina na anwani. 2020 Joe Biden alimshinda Trump kwa kura milioni 7 nchi nzima, lakini ukienda Arizona, Georgia na Wisconsin tofauti ilikuwa kura kama 10,500, kama 11,800 na kama 20,700. Jumla kama elfu 43. Hizo zingegeuka, wajumbe wangekuwa 269 kwa 269 na rais angechaguliwa na Baraza la Wawakilishi, jimbo moja kura moja. Ndo maana tarehe 2 Januari 2021 Trump aliweza kumpigia simu katibu wa jimbo la Georgia, Brad Raffensperger, na kumwambia anataka kutafuta kura 11,780, moja zaidi ya alizozidiwa. Simu ilirekodiwa, dunia nzima ikaisikia, na Raffensperger ambaye ni Republican mwenzake alikataa. Hakuna mtu anayeweza kupiga simu kumwambia mtu amtafutie kura milioni saba.

Kwaiyo nani kashinda hapa? Mimi nasema inategemea wizi wa kwenu ni wa aina gani. Kama ni wa kujaza kura kimyakimya ngomeni, wajumbe wanazuia. Kama ni wa kumbana ofisa mmoja abadilishe namba, kura za wananchi zinazuia, kwa sababu namba inakuwa kubwa mno. Alafu kuna sharti ambalo watetezi wa wajumbe huwa hawalisemi: Marekani hakuna tume moja ya taifa inayotangaza rais. Kila jimbo linaendesha uchaguzi wake, lina ofisa wake, wengine wa chama hiki wengine wa kile, na hakuna anayemwajiri mwenzake. Uchukue mfumo wa wajumbe uupande kwenye nchi ambayo tume ni moja na wakuu wake wameteuliwa na rais aliyepo, umechukua hasara yake ukaacha faida yake. Mtu yuleyule atatangaza majimbo yote.

Kurudia kuhesabu

Hoja nyingine ya wajumbe ni kwamba ugomvi unabaki sehemu moja. 2000 ugomvi ulikuwa Florida peke yake, kura 537 kati ya karibu milioni 6, watu wanainua kadi juu kwenye taa kuangalia kama kitundu kimetoboka au kimebonyea tu, siku 36, mpaka Mahakama ya Juu ikasimamisha kwa majaji 5 dhidi ya 4, Gore akakubali kesho yake. Wanakuambia sasa fikiria hiyo nchi nzima, kila kijiji.

Sawa, lakini angalia vizuri. Mwaka huohuo tofauti ya kitaifa ilikuwa zaidi ya nusu milioni. Kwa kura za wananchi Gore angeshinda na hakuna mtu angeomba kurudia kuhesabu chochote. Huo ukuta unasifiwa kuzuia moto ambao umeuwasha wenyewe. Namba ndogondogo zinatokea sana ukigawa nchi vipande 51, na zinatokea mara chache ukijumlisha wote.

Mara chache, sijasema hazitokei. 1960 Kennedy alimzidi Nixon kura kama laki moja na ushee kwa nchi nzima. Na Kenya 2013 Uhuru alitangazwa na asilimia 50.07, akavuka mstari wa nusu kwa kura elfu 8 na ushee, na hapo vituo vya kupigia kura vilikuwa zaidi ya elfu 30. Kura elfu 8 katika vituo elfu 30, unaanzia wapi kutafuta? Mpaka ikabidi Mahakama ya Juu iamue kama kura zilizoharibika zinahesabiwa kwenye ile nusu au la, ikasema hazihesabiwi. 2022 Ruto alipata asilimia 50.49, kavuka nusu kwa kama elfu 70, na Raila Odinga akarudi mahakamani.

Ila kilichonifurahisha 2022 ni kwamba tume iliweka fomu 34A, zile za matokeo ya kituo, za vituo vyote, zaidi ya elfu 46, kwenye mtandao, yeyote akae na kikokotoo chake ajumlishe. Vyombo vya habari vilianza kujumlisha vyenyewe usiku uleule mpaka vikawa vinapishana namba na wananchi wakachanganyikiwa, sawa, lakini mtu wa Lodwar na mtu wa Lamu waliweza kuifungua fomu ya kituo chao na kuangalia kama ndo ile iliyobandikwa ukutani. Hiyo ndo dawa ya ule wizi wa ngomeni bila kuhitaji wajumbe, au tuseme nusu ya dawa, kwa sababu fomu ikijazwa uongo kuanzia kituoni kuiona mtandaoni hakukusaidii kitu, bado unahitaji wakala mwenye moyo pale kituoni.

Mfumo wa wajumbe ulitoka wapi

Siweki muda mrefu hapa ila ukilinganisha vitu viwili ni vizuri ujue kimoja kilizaliwaje. Philadelphia 1787 James Madison alisema wazi kwamba kuchaguliwa na wananchi ndo njia iliyofaa zaidi, ila majimbo ya kusini yangekosa nguvu kwa sababu ya watumwa wao, ambao ni watu wengi na hawapigi kura. Suluhisho likawa kutumia hesabu ya wabunge, ambayo tayari walikuwa wamekubaliana kila mtumwa ahesabiwe kama tatu ya tano ya mtu. Kulikuwa na sababu nyingine pia, nchi kubwa, habari hazifiki, majimbo kuogopana, sio utumwa peke yake. Lakini angalia matokeo, marais watano wa kwanza wanne walitoka Virginia, jimbo lililokuwa na watumwa wengi kuliko yote. Na utumwa ulipofutwa mambo yalikuwa ya ajabu zaidi, Mmarekani mweusi wa kusini akahesabiwa mtu mzima kwenye kugawa wajumbe huku anazuiwa kupiga kura mpaka sheria ya 1965. Ile faida niliyoisifia juu, ya wajumbe kutolewa kwa vichwa, ndo hiyohiyo ilimfaidisha mzungu aliyemfungia mwenzake mlango wa kituo. Ukinizuia nisipige kura kwenye kura za wananchi, jimbo lako linapungukiwa. Kwenye wajumbe halipungukiwi.

Nusu ya kweli na nusu ya kutengenezwa

Sifa moja ya wajumbe ni kwamba wanatoa mshindi anayeonekana mkubwa. Bill Clinton 1992 alipata asilimia 43 ya kura, wajumbe 370. Inaleta utulivu, wanasema. Mimi sioni kwa nini upate utulivu wa kutengenezwa wakati duru ya pili inakupa wa kweli. Ila hapohapo wale wa kura za wananchi toleo la kwanza hawana la kusema, maana Moi wa Kenya 1992, kabla ya sharti la nusu, alishinda na asilimia kama 36, upinzani umegawanyika, na Félix Tshisekedi mwaka 2018 alitangazwa na asilimia 38.57, ukiacha mbali kwamba hata hizo zilibishaniwa sana. Congo 2006 walikuwa na duru ya pili, Kabila na Bemba, ilikuwa na gharama na ilikuwa na risasi Kinshasa, ndo hoja waliyotumia kuifuta, kwamba fedha hakuna. Kufuta duru ya pili mwaka uleule wa uchaguzi, upinzani una wagombea kibao, mtu mzima anajua ni ya nani hiyo faida.

Haya, uchague upi

Kama shida yako kubwa ni usawa, mtu mmoja kura moja popote alipo, nenda kura za wananchi, na uchague toleo la duru ya pili, usikubali lile la aliyeongoza kashinda. Kama nchi yako ni ya makabila au dini mbili zinazoviziana, ongeza kipengele cha Kenya ila kikaze, asilimia 25 kwenye nusu ya kaunti ni mchekea, na uandike namba kamili isije ikawa ya Nigeria. Kama shida yako ni ngome zinazojaza maboksi, mfumo wa wajumbe unakufaa kwa masharti mawili: kila jimbo liwe na tume yake isiyoajiriwa na mtu wa juu, na wajumbe wagawanywe kwa uwiano wa kura ndani ya jimbo badala ya mmoja kubeba wote. Ukishawagawa kwa uwiano lile tatizo la majimbo saba linapungua sana, na bado kujaza maboksi ngomeni hakukupi zaidi ya wajumbe wachache uliokuwa unawakosa. Wanachofanya Maine na Nebraska sikipendekezi kwa sababu mipaka ya wilaya inachorwa na wanasiasa. Na uone jinsi kinavyowasumbua, kabla ya uchaguzi wa 2024 kulikuwa na presha kubwa Nebraska warudi kwenye kubeba wote, kwa ajili ya huyo mjumbe mmoja wa Omaha, ikashindikana.

Wengine waliokuwa na wajumbe walishaachana nao, Ufaransa kwa kura ya maoni ya 1962, Argentina kwa katiba ya 1994. Marekani wenyewe walikaribia sana, 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kuwafuta kwa kura 338 dhidi ya 70, ikaenda kufia Seneti mwaka uliofuata. Katiba yao inataka theluthi mbili ya kila bunge alafu majimbo 38 yakubali, kwaiyo njia hiyo sahau. Iliyobaki ni mkataba ulioanzia Maryland 2007, majimbo yanakubaliana kumpa wajumbe wao aliyeongoza kitaifa, utaanza kazi wakifika 270. Mpaka 2024 walikuwa wamefika 209. Mwaka huohuo Trump akashinda kote kote, wajumbe 312 na kura za wananchi pia, moto wa mjadala ukapungua, na wengi wa wale 61 waliokuwa wamebaki lazima watoke kwenye majimbo ya Republican ambao mfumo wa sasa umewapa urais mara mbili bila kuongoza kwa kura tangu 2000, au kwenye yale saba yanayogongewa mlango kila miaka minne.